Uharibifu wa mazingira huanzia porini, huishia tumboni



Abiria atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilometa zipatazo 50, na ni nadra kupita pasipo kuwaona nyani wameketi kando ya lami. Husemwa kwamba nyani hao wamezoea watu. Ukweli ni kwamba wamezoea chakula cha watu. Dirisha la basi hufunguliwa, hutupwa ganda la ndizi, kipande cha mkate, mfupa wa kuku, mfuko wenye mabaki ya chipsi. Malori ya nafaka nayo humwaga punje njiani. Nyani hana haja ya kuchimba mizizi na kutafuta mbegu mchana kutwa ikiwa barabara inamletea shibe mpaka alipoketi.

Jambo hili huzungumzwa mara nyingi kwa upande mmoja tu, upande wa ajali, na si vibaya kulizungumza hivyo. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilifunguliwa mwaka 1951, hifadhi ikatangazwa mwaka 1964, na tangu hapo gari na mnyama wamekuwa wakigombea njia moja. Mwaka 1995 mtaalamu Carlos Drews alichapisha uchunguzi juu ya wanyama wanaogongwa na magari Mikumi, na vifo vya nyani vilikuwamo. Lakini upo upande mwingine usioonekana kwa macho, kwa kuwa umo ndani ya tumbo la mnyama. Upande huo wapasa kuzungumzwa na watu ambao kazi yao ni kufundisha na kusimamia maendeleo ya wilaya, maana habari ya tumbo la nyani wa barabarani haiko mbali na habari ya tumbo la mwananchi wa Kilosa.

Yafaa kwanza ieleweke tumbo ni kitu gani. Katika utumbo mpana wa binadamu wanaishi bakteria wengi kiasi kwamba hesabu yao, kama ilivyokadiriwa mwaka 2016, ni kama trilioni 38, yaani wanakaribia kulingana na chembe hai zote za mwili wenyewe. Shuleni mwanafunzi hufundishwa kwamba bakteria ni adui, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu karibu milioni mbili kuzunguka redio na kuwahimiza kuchimba vyoo, ilikuwa na haki kabisa kupigana na vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Hata hivyo, walio wengi kati ya bakteria wa tumboni si maadui. Ni wapangaji wanaolipa kodi. Chakula kigumu ambacho mwili hauwezi kukivunja, hasa nyuzinyuzi za nafaka, maharage, mboga na matunda, hufika kwao kikiwa kizima, nao hukichachua. Katika kuchachua huko hutoa asidi ambazo hulisha ukuta wa utumbo, huufanya uwe imara, na huyatuliza majeshi ya mwili yasipigane pasipo na vita.

Mfugaji wa Mkata halihitaji somo hili. Anajua kwamba ng'ombe hageuzi majani kuwa maziwa kwa nguvu zake peke yake. Kazi hufanywa na vijidudu vilivyo katika tumbo lake la kwanza. Anajua pia kwamba ng'ombe aliyezoea nyasi kavu akiingizwa ghafla kwenye shamba la mahindi mabichi anaweza kuvimba tumbo na kufa siku hiyo hiyo. Ni ghala la vijidudu limepinduliwa. Kwa mnyama mwenye tumbo moja, kama nyani na binadamu, mapinduzi huwa ya polepole, kwa hiyo hayatazamwi.

Sasa turufu ya mazungumzo haya iko karibu, katika mkoa huu huu. Mtu akitoka mji wa Mikumi na kushika barabara ya Kidatu na Ifakara, upande wake wa kulia ataiona milima ya Udzungwa, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1992. Humo anaishi mbega mwekundu wa Udzungwa, mnyama asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hiyo na misitu ya bonde iliyo karibu nayo. Mbega huyu hukaa juu ya miti na hula majani zaidi ya kitu kingine. Majani si chakula chepesi. Mengi yana sumu ambayo mti umejiwekea kinga, na mbega huweza kuyala kwa sababu anao bakteria wanaoyavunja.

Wataalamu wakiongozwa na Claudia Barelli walichukua kinyesi cha vikundi saba vya mbega hao kutoka misitu miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Msitu mmoja ni Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, mzima, ukipanda kutoka bondeni hadi juu kileleni. Wa pili ni Magombera, kipande cha msitu wa bondeni kilichobaki kimezungukwa na mashamba, ambacho kwa miaka mingi kilikatwa miti na kumegwa. Mbega ni wale wale, spishi ni ile ile, na umbali kati ya misitu hiyo si wa kutisha. Lakini matumbo hayakuwa sawa. Mbega wa Mwanihana walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi kwa kiasi cha wazi kuliko wenzao wa Magombera, na dalili zilionyesha kwamba tofauti hiyo ilihusiana na wingi wa aina za miti ya kula, pamoja na ile kazi ya kuvunja sumu za majani.

Maana yake ni nzito. Mtu anayekwenda Magombera na kuwaona mbega wakiruka matawini anaweza kuandika katika taarifa yake kwamba wanyama wapo na hali ni njema. Mti uliokatwa miaka iliyopita umekwisha kuondoka na bakteria wake ndani ya tumbo la mnyama anayeonekana mzima. Hasara imeingia kabla ya hesabu ya wanyama kupungua, na hakuna daftari la msitu lenye safu ya kuiandikia.

Mwaka 2020 kundi hilo la watafiti lilitoa uchunguzi mwingine katika misitu hiyo hiyo, safari hii likiwaweka mbega na nyani kwenye mizani moja: vikundi 12 vya mbega na vikundi 5 vya nyani. Nyani ni mtu wa kila chakula. Hushuka chini, hula matunda, wadudu, mizizi, na akipata mahindi ya mkulima hasubiri kukaribishwa. Ilionekana kwamba uharibifu wa msitu uliyagusa matumbo ya wanyama wote wawili, ila haukuwagusa kwa namna moja. Mla majani, asiye na pa kukimbilia, ana lake. Mla kila kitu, ambaye hukimbilia shambani na jalalani, ana lake.

Na huko jalalani hakumfai sana, ingawa yeye mwenyewe huona amefaulu. Kisa cha Kenya chatosha. Katika Amboseli watafiti wamewafuatilia nyani wa aina hii hii ya Mikumi tangu mwaka 1971. Kikundi kimoja kiligundua jalala la hoteli ya watalii. Nyani wake wakawa hawatembei sana, wakanenepa, na vipimo vya damu vikaonyesha kiwango cha juu cha insulini, baadhi yao wakifanana na binadamu aliye njiani kuelekea kisukari. Nyani wa kikundi cha jirani waliokula vya porini walibaki wakavu. Katika Masai Mara mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika miaka ya 1980 nyani waliokuwa wakila kwenye jalala la hoteli walipata nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe, na madume waliokuwa na ubavu wa kugombea jalala hilo ndio waliokufa. Profesa Robert Sapolsky, aliyewafuatilia, ameyaandika hayo kwa urefu.

Kwa hiyo bango la kuwakataza abiria kutupa chakula hifadhini lisichukuliwe kuwa ni la usafi wa njia tu. Mtumishi wa kituo cha mabasi, kondakta, mwalimu anayewaleta wanafunzi kwa ziara, wote wanashika sehemu ya tumbo la mnyama yule.

Ndugu, kutoka kwa nyani kuja kwa binadamu hakuhitaji kurukia mbali. Kati ya mwaka 1948 na miaka ya 1960 daktari mpasuaji Denis Burkitt alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aligundua kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu sana kwa wakulima wa Uganda, na katika miaka ya 1970 akatangaza kwamba siri iko katika nyuzinyuzi za chakula. Wenzake wengine walimcheka kwa kuwa alipima uzito wa kinyesi na muda wa chakula kupita tumboni, kazi isiyo ya heshima machoni pa madaktari wakubwa. Wakati huo hakuna aliyeweza kuwahesabu bakteria kwa njia za leo. Alikuwa ameuona moshi, moto ukaja kuonekana baadaye.

Moto huo umeonekana hapa nchini. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, mizizi, ubuyu na asali, wamechunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2014. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba bakteria wao hufuata majira: aina fulani hupungua hadi kukaribia kutoweka wakati wa mvua, kisha hurudi kiangazi chakula kinapobadilika. Na aina zile zinazokwenda na kurudi kwa Wahadzabe ndizo ambazo kwa watu wa nchi za viwanda zimekwenda zisirudi. Mwaka uliotangulia, 2016, panya wa maabara waliowekewa bakteria wa binadamu walinyimwa nyuzinyuzi kwa vizazi vinne. Kila kizazi kilipoteza aina zaidi, na mwishowe kuwarudishia chakula kizuri hakukutosha kuwarudisha bakteria waliokwisha kupotea.

Kutokana na hayo mtu anaweza kudhani kwamba mkulima wa Tanzania yuko salama, maana shamba analo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 kutoka Moshi, uliofanywa na watafiti wa KCMC pamoja na wenzao wa Uholanzi, unaonya vinginevyo. Vijana wa kiume 77 wenye afya walishiriki. Wa vijijini waliwekwa kwenye chakula cha kimagharibi, cha viwandani na cha kukaanga, kwa wiki mbili. Wa mjini walipewa chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Wengine wakanywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili zilitosha. Kwa waliohama kutoka chakula cha kijijini, dalili za mchochota katika damu zilipanda, yaani mwili ulianza kuwasha moto pasipo adui, huku chembe za kinga zikipoteza ukali wake dhidi ya vijidudu vya kweli. Kwa waliohamia chakula cha asili na kwa waliokunywa kinywaji kilichochachuliwa, mambo yalikwenda kinyume chake. Baada ya wiki nne baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanasomeka.

Wiki mbili ni muda wa likizo fupi ya shule.

Sasa itazamwe Mikumi mji. Ni mji wa njia. Malori hulala, mabasi hushusha abiria kwa dakika 20, na biashara imejipanga kulingana na dakika hizo: chipsi, mayai, soseji, soda, maandazi. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuuza kinachonunuliwa. Lakini kijana wa Mikumi aliyezaliwa kando ya barabara hula kila siku kile ambacho abiria hula mara moja kwa safari, na yeye hana basi la kumwondoa hapo. Katika hili yeye na nyani wa kilometa chache tu kutoka kwake wameketi kwenye jalala moja. Si maneno ya kumdhalilisha mtu. Barabara ndiyo iliyowaandalia wote wawili.

Upande wa Kilosa mjini na vijiji vyake mabadiliko yamekuja kwa njia nyingine. Wilaya hii imekuwa ikigeuzwa sura tangu enzi ya Wajerumani. Reli ilikuja, yakaja mashamba makubwa ya mkonge ya Kimamba na kwingineko, yakaja mashamba ya pamba, na vijiji vikahamishwa na kupangwa upya katika miaka ya 1970. Miteremko ya juu ilikatwa miti. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukabomoa nyumba na kuikata reli ya kati. Mafuriko hayo yalihesabiwa kwa nyumba na mahindi. Maji yanapoingia chooni na kutoka kuelekea kisimani, hesabu huendelea ndani ya matumbo ya watoto kwa miezi mingi. Mtoto anayemeza uchafu siku baada ya siku, hata asipoharisha, ukuta wa utumbo wake huchubuka, chakula hupita bila kunyonywa vizuri, naye hubaki mfupi. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwalimu wa darasa la kwanza huwaona kila asubuhi akidhani wamezaliwa wafupi.

Msitu nao ulikuwa ghala la chakula, jambo ambalo maofisa wa mipango husahau kwa kuwa halipiti sokoni. Mchunga, mlenda, uyoga wa miombo, ukwaju, ubuyu: hivi vyote viliongeza aina za nyuzinyuzi zilizofika tumboni bila mtu kuzigharimia. Miombo ikigeuka mkaa, sahani hubaki na mahindi. Kwa haki yake Kilosa imewahi kuonyesha njia katika jambo hili. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, vilitenga sehemu ya msitu wa kijiji kwa mkaa, vikaigawa katika vitalu vya kuvunwa kwa zamu ili mti upewe miaka 24 ya kuota tena, na mapato yakajenga madarasa na huduma nyingine. Wengi wanaolisifu jambo hilo hulisifu kwa madarasa. Lipo na hili la pili, kwamba uyoga uliendelea kuota.

Juu ya dawa maneno yawe machache. Duka la dawa muhimu, mpango ulioanza Ruvuma mwaka 2003, lilikuwa ukombozi kwa vijiji. Lakini zile dawa za kuua bakteria, ambazo wananchi huziita rangi mbili, na wenzake, haziulizi ni bakteria gani mwema na ni yupi mbaya. Huua wote walio mbele yake, na wanaosalia ni wale waliozizoea. Mtu anayekunywa vidonge vitatu vya mafua, ugonjwa ambao si wa bakteria hata kidogo, amefyeka shamba lake pasipo kuua panya aliyemkusudia. Mfugaji anayemdunga ng'ombe oksitetrasiklini kwa kukadiria kipimo hufanya vivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulipima kinyesi cha nyati, nyumbu na pundamilia wa Ngorongoro, wanaolisha pamoja na ng'ombe, na wa Mikumi, ambako ng'ombe hawaruhusiwi. Bakteria waliozizoea dawa walipatikana kwa wanyamapori ambao hakuna mganga aliyewahi kuwaandikia cheti.

Limebaki jambo ambalo limo mikononi mwa walio katika ukumbi huu moja kwa moja, nalo ni unga.

Mahindi yakisagwa yote pamoja na ganda na kiini huwa dona. Yakikobolewa huwa sembe, na sehemu iliyobeba nyuzinyuzi nyingi, vitamini na mafuta huitwa pumba, ikapelekewa kuku na nguruwe. Kuku wa Kilosa kwa hiyo hula vizuri. Kupenda sembe kuna historia yake. Ugali mweupe ulionekana kuwa wa mjini, wa bwana shauri, wa harusi. Dona likawa la kambi na la jela. Ni kasumba ya kuona cheupe ndicho bora, nayo imedumu kuliko waliyoileta. Kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ilijitahidi kuwafundisha watu lishe, lakini mzazi akija kwenye mkutano wa shule leo bado hutaka mwanawe apewe ugali unaong'aa, na kamati humridhisha. Karatasi ya zabuni ya chakula cha shule hujazwa neno sembe pasipo mtu kuuliza, kwa sababu mwaka jana ilijazwa hivyo.

Yupo atakayejibu kwamba dona huharibika upesi, na kwamba lina sumukuvu. Anasema kweli, na jibu lake lisipuuzwe. Mwaka 2016 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo kwa kuwa nyingi hukaa ganda la nje. Lakini mahindi yenye ukungu hayawi chakula kwa kukobolewa, na pumba yake ikipewa kuku sumu haijatoka nyumbani. Kazi iko kabla ya mashine: kuanika juu ya turubai au chanja badala ya udongo, kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kuhifadhi yakiwa yamekauka kweli, na kusaga dona la wiki moja moja badala ya muhula mzima. Bwana shamba anayajua haya. Aitwe shuleni kabla ya mavuno, si baada.

Pamoja na unga kuna togwa. Katika mkoa wa Morogoro halihitaji kutambulishwa. Kila Mkaguru, Msagara na Mluguru amelinywa utotoni, na wengi wameliacha walipopata mshahara, wakaweka soda mahali pake. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watafiti, akiwamo Mtanzania Rose Kingamkono, waliowapa watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano uji uliochachuliwa kwa namna ya togwa, mlo mmoja kwa siku kwa muda wa siku 13. Bakteria waletao kuhara katika vinyesi vya watoto hao walipungua kuliko kwa watoto waliopewa uji wa kawaida. Bibi wa Ukaguru alikuwa na maabara yake ndani ya chungu, ila hakuwa na jarida la kuchapishia.

Shule yenye sufuria, jiko na kuni inaweza kuanza pasipo kusubiri fungu kutoka wilayani. Unga wa mahindi au mtama hupikwa uji mzito ukaiva sawasawa kwa maji yaliyochemka. Huepuliwa, ukaachwa upoe mpaka mkono uvumilie. Kimea cha ulezi au mtama, kilichoota, kikaanikwa na kusagwa, hutiwa humo na kukorogwa mpaka uji ulegee. Kikombe kimoja cha togwa la jana huongezwa ili kuuwahisha uchachu. Chombo hufunikwa kwa kitambaa safi, kikaachwa mahali penye joto usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kengele ya saa nne, huwa tayari.